Bharatanatyamu Mbele ya Migosi: Iachwe, Ielezwe au Ifupishwe?

Ukimwambia mtu wa Kisumu kwamba jioni kuna ngoma ya Kihindi, tayari ana picha yake kichwani. Kwa wengi ni filamu: shujaa na mpenzi wake wanazunguka miti, na nyuma yao kundi zima la wachezaji waliovaa sare. Kwa aliyepita karibu na ukumbi wa jumuiya ya Kihindi wakati wa sikukuu ya Navratri, ni duara la watu wakigonganisha vijiti hadi usiku mkubwa. Kwa mzazi ambaye binti yake anajiandaa kwa tamasha la muziki la shule, ni dakika chache za wimbo uliorekodiwa, bangili nyingi, na alama za waamuzi.

Yote haya yanaitwa kwa jina moja. Kwa hiyo ngoma ya jadi kama bharatanatyamu, ile inayohitaji miaka ya kufundishwa kabla mtu hajaruhusiwa kupanda jukwaani peke yake, inaingia ukumbini ikiwa imetwikwa matarajio ambayo si yake. Mtazamaji anangoja filamu. Anaonyeshwa mwanamke mmoja, magoti yamekunjwa, akisimulia kwa vidole na macho hadithi inayoimbwa kwa Kitamil. Baada ya dakika 20 simu zinaanza kuwaka gizani.

Tatizo ni la mtazamaji, la ngoma, au la waandalizi? Kuna majibu matatu yanayogombana, na kila moja lina watetezi wa kweli. Nimeuchagua mtaa wa Migosi kuwa kipimo kwa sababu si Milimani ya matajiri wala si ukumbi wa hekalu. Ni mtaa wa walimu, wauguzi, wafanyabiashara wadogo na wapangaji. Jibu likifaa hapa, linafaa kwa sehemu kubwa ya Kisumu.

Mgeni ni nani?

Reli ya Uganda ilifika Ziwa Victoria mwishoni mwa 1901, Kisumu ikiitwa Port Florence. Vibarua wapatao 32,000 walikuwa wameletwa kutoka Bara Hindi kuijenga, wengi wao Wapunjabi. Karibu 2,500 walifariki kazini, wengi wa waliosalia wakarudi kwao, na kama 6,700 wakabaki. Reli ikawafungulia njia wafanyabiashara, hasa Wagujarati, wakafungua maduka mjini na kando ya ziwa. Kibos, nje kidogo ya mji, wengine wakapewa mashamba.

Tuangalie watu hawa walitoka wapi: Punjab, Gujarat, Kutch, yaani kaskazini na magharibi. Walikuja na bhangra, garba na ngoma ya vijiti. Bharatanatyamu ni ya kusini, na nyimbo zake ni za Kitamil, Kitelugu na Kisanskriti. Ngoma hii haikushuka kwenye treni ya 1901. Ilifika Afrika Mashariki baadaye, mikononi mwa walimu, baada ya India yenyewe kuitangaza kuwa fahari ya taifa zima.

Jambo hili linasahaulika kila mara suala hili linapojadiliwa. Waandalizi huugawa ukumbi sehemu mbili: Wahindi wanaoelewa, na Waafrika wanaohitaji kusaidiwa. Lakini mama wa Kisumu anayesema Kigujarati nyumbani na Dholuo dukani hajui Kitelugu. Anazitambua hadithi za mungu Krishna, ndiyo, na hiyo ni akiba kubwa. Maneno ya wimbo yanampita kama yanavyompita jirani yake Mjaluo. Tofauti ni kwamba yeye anaona haya kuuliza.

Kuta zilizowatenganisha watazamaji hawa ni za kweli, na zilijengwa kutoka pande zote mbili. Ukoloni ulipanga makazi, shule na hospitali kwa rangi. Baada ya uhuru, sheria za uhamiaji na leseni za biashara za 1967 zikawaondoa maelfu ya Wahindi, na waliobaki wakajikusanya kwenye kumbi zao. Ghasia za baada ya uchaguzi, mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, zilizoteketeza maduka katikati ya Kisumu, hazikulegeza kufuli za malango ya kumbi hizo. Hata hivyo, uchaguzi huohuo wa 2007 ndio uliompeleka Shakeel Shabbir, mwenye asili ya Bara Hindi, bungeni kwa kura za Kisumu Mjini Mashariki, na Julai 2017 serikali ikawatambua Wakenya wenye asili hiyo kuwa kabila la 44. Kisheria si wageni tena. Jukwaani bado tunachukuliana kama wageni.

Iachwe kama ilivyo

Msimamo wa kwanza unasema: usiguse kitu. Onyesha utaratibu mzima, kuanzia alaripu ya kufungua mwili hadi tilana ya kufunga, na katikati varnamu, ambayo peke yake inaweza kuchukua dakika 30 hadi saa nzima. Asiyeelewa leo ataelewa kesho. Sanaa haiombi radhi kwa urefu wake.

Nguvu ya hoja hii imo ndani ya varnamu yenyewe. Kisa chake mara nyingi ni kidogo sana: mwanamke anamtamani asiyekuwepo, anamtuma rafiki yake apeleke ujumbe. Mstari mmoja unaimbwa mara kumi, na kila mara mikono inautafsiri upya: sasa ni kero, sasa ni mzaha, sasa ni aibu, sasa ni usiku usiokwisha. Ukiukata mstari huo uimbwe mara mbili tu, umebakiza kisa ambacho hata mtoto angekisimulia, na umetupa kile alichokitolea jasho mchezaji. Balasaraswati wa Madras, aliyezaliwa katika familia ya urithi wa ngoma hii, aliwachezea Wamarekani mwaka 1962 bila kuwapunguzia uzito, na watu waliokuwa hawajui neno la Kitamil walibaki wamekaa. Yeye ndiye ushahidi mkubwa wa upande huu.

Udhaifu wake ni wa aina mbili. Kwanza, Balasaraswati alikuwa mmoja. Alikwenda na waimbaji na wapigaji wake, waliomfuata anapokawia na kumwachia anapokimbia. Maonyesho mengi ya mbali na miji mikubwa huchezwa kwa muziki uliorekodiwa. Rekodi haimsubiri mtu. Mchezaji akiona watazamaji wamekamatwa na tendo moja la jicho, hawezi kulirefusha, kwa kuwa wimbo umeshaenda zake. Anayedai utimilifu wa jadi huku akibonyeza kitufe cha spika ameshaikata ngoma mwenyewe, pale ilipokuwa hai zaidi.

Pili, hiyo jadi inayolindwa ina umri gani? Jina lenyewe bharatanatyamu lilishika katika miaka ya 1930. Kabla ya hapo ngoma iliitwa sadiri, nayo ilikuwa mali ya wanawake waliowekwa wakfu kwa mahekalu na familia zao. Rukmini Devi, mwanamke wa tabaka la Kibrahmini, alipoicheza hadharani mwaka 1935 na kuanzisha shule yake ya Kalakshetra mwaka uliofuata, aliisafisha, akapunguza mapenzi ya kimwili, akabadilisha mavazi na jukwaa. Mwaka 1947 sheria ya Madras ikapiga marufuku kuwaweka wasichana wakfu, na wanawake waliokuwa wameibeba ngoma kwa vizazi wakasukumwa kando, huku mabinti wa familia za heshima wakiipokea. Balasaraswati alipinga usafishaji huo waziwazi. Kwa hiyo anayesema "iachwe kama ilivyo" ana wajibu wa kutuambia: ilivyokuwa kwa nani, na mwaka gani? Inauma kuona wanawake waliofukuzwa jukwaani wakitumiwa leo, bila kutajwa, kuwanyamazisha wengine kwa jina la jadi.

Ielezwe

Msimamo wa pili ndio unaotawala kumbi nyingi. Kabla ya kila kipande, mshereheshaji anasimama na kusoma maelezo kwa Kiingereza: huyu ni mungu fulani, mwana wa fulani, aliyemshinda fulani. Taa zinazimwa, ngoma inaanza.

Nia ni njema, na kuna jambo la kweli ndani yake. Ishara za mikono haziwezi kukisiwa zote. Chukua mkono uitwao pataka: vidole vinne vimenyooka na kushikana, gumba limekunjwa kando. Katika kitabu cha kale cha Abhinaya Darpana, mkono huohuo mmoja ni wingu, ni msitu, ni usiku, ni mto, ni wimbi, ni kukataza, ni kufungua mlango. Kinachouambia uwe mto au mlango ni mwendo wake, jicho linaloufuata, na neno linaloimbwa wakati huo. Asiyefahamu hilo anaona kiganja tu.

Lakini tazama maelezo yanavyotolewa. Mshereheshaji anatoa hadithi, na hadithi ndiyo sehemu ambayo mtazamaji angeweza kuikosa bila hasara kubwa. Hatoi ufunguo, yaani namna mkono unavyogeuka kuwa neno. Mtazamaji anaondoka na majina manane ya miungu ambayo hatayakumbuka, na bado kiganja ni kiganja. Zaidi ya hapo, lugha inayotumika ni ya ofisini na ya mtihani. Inawapa watu hisia kwamba wamekuja kufundishwa adabu. Mtaani Migosi watu wanaishi kwa Dholuo, Kiswahili na Kiluhya, na Kiingereza kinapohitajika. Kusoma nusu ukurasa wa Kiingereza kabla ya ngoma ni kuongeza lugha ya tatu juu ya mbili za jukwaani, ya wimbo na ya mikono.

Na maelezo yana hatari nyingine ambayo watetezi wake hawaizungumzii: humpa mtu jibu kabla hajaona swali. Ukishaambiwa kwamba sasa mchezaji ataonyesha wivu, unatafuta wivu, ukiupata unatosheka, na macho yako yamefungwa kwa mengine yote.

Ifupishwe, ichanganywe

Msimamo wa tatu ni wa waliochoka kuona viti vitupu. Wanasema: vipande vya dakika nne, kundi badala ya mtu mmoja, mdundo wa haraka, ikiwezekana na ngoma za hapa. Uday Shankar wa India aliifanya kazi hiyo mapema. Alicheza London na mchezaji wa baleti Anna Pavlova mwaka 1923 na baadaye akazunguka Ulaya na Marekani na kundi lake, bila kuwa na mafunzo rasmi ya ngoma yoyote ya jadi. Aliwafungulia mlango wengi waliokuja baada yake.

Waswahili wa pwani wana mfano wao, na ni mzuri kuliko wa Shankar. Mwimbaji Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayatia mashairi ya Kiswahili, na watu wakayapokea hata wakasahau yalikotoka. Uchanganyaji wake ulifaulu kwa sababu upande mmoja ulibaki mzima. Mashairi yalikuwa ya Kiswahili kwelikweli, yenye vina na mafumbo, na mahadhi ndiyo yaliyoazimwa. Hakukata nusu ya huku na nusu ya kule.

Ufupishaji tunaoufahamu zaidi Kenya ni wa kituo cha utamaduni cha Bomas, tangu 1971. Mtalii anakaa alasiri moja, anaonyeshwa ngoma za jamii nyingi, zimepangwa, zimepigwa pasi. Mjaluo anajua kinachopotea pale. Tero buru ya matanga, ya kufukuza mauti kwa mikuki, ng'ombe na mbio, haiwezi kuingia jukwaani bila mfiwa na bila vumbi. Kinachobaki ni mikao yake. Bomas imezihifadhi ngoma ambazo pengine zingesahaulika, nami naiheshimu kazi hiyo, lakini hakuna anayetoka pale akidai ameiona tero buru. Anayefupisha bharatanatyamu hadi dakika nne anapaswa kukiri hivyohivyo.

Kuna sababu nyingine ya vipande vifupi, na haihusiani na mtazamaji mgeni hata kidogo. Darasa la ngoma linaishi kwa karo. Kila mzazi aliyelipa anataka kumwona mtoto wake jukwaani, kwa hiyo jioni hujazwa vipande kumi na kitu vya watoto. Halafu tunaambiwa kwamba watu wa hapa hawana subira ya varnamu. Hawajawahi kupewa nafasi ya kuonyesha wanayo au hawana.

Woga wa dini

Jambo hili husemwa kwa kunong'ona, kwa hiyo nalitaja kwa sauti. Wazazi wengi Wakristo, na baadhi ya Waislamu, huuliza kama kujifunza au kutazama ngoma hii ni kuabudu. Waandalizi hujibu haraka kuwa ni utamaduni tu. Jibu hilo si la kweli lote, na watu hulitambua. Mchezaji anapoanza, hugusa ardhi na kuiomba radhi kwa kuwa anakwenda kuikanyaga kwa kishindo. Mara nyingi sanamu ya Nataraja, mungu mcheza ngoma, iko pembeni mwa jukwaa ikiwa na maua. Nyimbo nyingi ni za ibada. Kusema vingine ni kuwadharau wote wawili, anayecheza na anayetazama.

Jibu la haki ni kutenganisha kutazama na kushiriki, kama anavyofanya Mkristo anayehudhuria nikahi ya jirani. Kwa anayetaka kujifunza, njia ipo pia: Francis Barboza, akiwa padri Mkatoliki nchini India, alicheza bharatanatyamu kwa visa vya Biblia na kubuni ishara za mikono kwa ajili hiyo. Anaweza asikubaliwe na kila mtu, ila ameonyesha kwamba mlango hauna komeo.

Migosi inacho nini tayari?

Hadi hapa mabishano yote yamemchukulia mtazamaji kama chombo kitupu: tukijaze, tukijaze kidogo, au tukiache kijijaze. Sikubaliani na dhana hiyo. Mtazamaji wa kando ya ziwa ana masikio yaliyofundwa.

Mpiga nyatiti hukaa chini, nyuzi nane mbele yake. Mguuni amefunga gara, njuga za chuma, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa oduong'o, pete ya chuma anayogongea ubavu wa chombo. Vidole vinapiga jambo moja, mguu unapiga lingine, mdomo unaimba la tatu. Mtu aliyekua akisikiliza hivyo, hata kwenye redio, haoni ajabu mwili mmoja kubeba midundo mitatu. Na ana pakruok: desturi ya kumsimamisha mpigaji, kumtunza kidogo, na kujisifu au kumsifu mwenzako kwa mafumbo kabla muziki haujaendelea. Yaani mtazamaji wa Kijaluo hufunzwa kwamba muziki unamngoja aseme kitu. Kumwambia akae kimya saa mbili ni kumnyang'anya uelewa wake, halafu kumlaumu kwamba haelewi. Huko India kwenyewe, wapenzi wa muziki wa kaskazini hupaza sauti za sifa katikati ya onyesho. Ukimya wa kanisani uliletwa na kumbi za kisasa.

Kathaki, ngoma ya jadi ya kaskazini mwa India, ndiyo inayokutana na masikio haya moja kwa moja. Mchezaji, njuga mia moja au zaidi kila mguu, husogea kwenye maikrofoni, akayatamka mapigo kwa mdomo huku mkono ukihesabu mzunguko wa mapigo 16, kisha akarudi katikati na kuyacheza kwa miguu yaleyale aliyoyasema. Akitua sawasawa kwenye pigo la kwanza, kila mtu anajua. Akikosea, kila mtu anajua pia. Hapo hakuna haja ya mshereheshaji. Bharatanatyamu nayo ina mwalimu anayekaa pembeni na matoazi madogo akitamka silabi, ta-ka-dhi-mi kwa nne, ta-ki-ta kwa tatu. Mpe dakika tano mwanzoni awapigishe makofi watu wa Migosi, nne dhidi ya tatu, na hatakuwa akiwafundisha kitu kigeni. Halafu mchezaji asimame na pataka yake, bila muziki, aigeuze wingu, mto, mlango, watu wakitaja wanachokiona kwa lugha wanayotaka. Huo ndio ufunguo. Kisa cha wimbo kinatosha sentensi tatu za Kiswahili.

Baada ya hapo, iachwe. Hapa nakubaliana na upande wa kwanza kwa nguvu zote: vipande vitatu jioni nzima, varnamu moja bila kukatwa, na walau mpiga ngoma ya mridangamu mmoja anayepiga papo hapo. Ukitaka nyatiti, ipewe zamu yake kamili kabla au baada, isigeuzwe kiungo cha mchuzi wa mwenzake. Viti visogezwe, kwa sababu ngoma ya vidole haionekani kutoka mstari wa ishirini, na spika zishushwe ili njuga zisikike. Sakafu iwekewe mbao. Saruji inaumiza magoti ya mchezaji na kuua mlio wa wayo.

Gharama za njia hii sizifichi. Watakaokuja kwa ajili ya rangi na kasi wataondoka mapema. Watoto wa darasa itabidi wapewe siku yao nyingine, na wazazi watanung'unika. Mpiga mridangamu atatafutwa mbali, asafirishwe na alazwe, na pesa hiyo haitarudi kwa tiketi za Migosi. Pia jioni moja haiundi watazamaji. Leicester, mji wa Uingereza uliopokea maelfu ya Wahindi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, ulipata watazamaji wa kathaki pale mwalimu wa ngoma hiyo, Nilima Devi, alipoanzisha kituo chake mwaka 1981 na ngoma ikaingia madarasani, wiki baada ya wiki, mbele ya watoto wa kila asili. Anyango, yaani Eriko Mukoyama wa Japani, alipotaka nyatiti alikwenda Siaya kwa mzee Okumu K'Orengo na kukaa huko, akaijifunza pamoja na lugha. Hakuna aliyemfupishia.

Kisumu ina walimu wa muziki, ina shule zinazoshindana kila mwaka katika tamasha lililoanza 1927, na ina jumuiya ambayo kila Navratri hupata nguvu na fedha za usiku tisa. Sehemu ndogo ya fedha hizo ingetosha kumlipa mpigaji mmoja na kukodi mbao za sakafu kwa Jumamosi moja katika ukumbi wa shule Migosi, milango wazi, mabenchi yamesogezwa hadi hatua tatu kutoka kwa miguu ya mchezaji.